Mafuta kwenye ini: kwa nini vijana tunajua kwa bahati tu?

#1 Mwanamaji
Wakuu, salamu. Nilienda kupigwa altrasaundi ya figo kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Figo zikaonekana salama, lakini mstari wa mwisho wa karatasi ya majibu unasema ini lina mafuta, daraja la kwanza. Nikauliza maana yake, nikajibiwa "hiyo kawaida siku hizi, punguza kula", mazungumzo yakaishia hapo.

Nikawauliza rafiki zangu, wote rika langu, miaka 20 na kitu. Hakuna aliyewahi kuusikia ugonjwa huu. Swali la kwanza la kila mmoja lilikuwa "kwani unakunywa?" Sinywi na sijawahi kunywa. Mmoja wao anazijua kwa kichwa dalili zote za kisukari na presha kwa sababu wazazi wake wanaumwa. Kuhusu ini hana hata neno moja.

Dai langu ni hili: ugonjwa huu uko kwenye rika letu na tunaujua kwa bahati tu, tukiwa tumeenda kupima kitu kingine. Na kinachoniuma ni kwamba hatua hii ya mwanzo ndiyo ambayo ini linaweza kurudi kuwa zima kabisa. Kwa nini hatuambiwi? Wenye ujuzi na waliopitia, karibuni.

#2 Tikiti
Nipo hapa, nasoma. Mimi pia ndiyo kwanza nausikia.

#3 Bingwa wa Kona
Mleta mada, ini ni pombe. Tangu lini mtu asiyekunywa akaharibika ini? Rudia kipimo, huenda karatasi imechanganywa na ya mtu mwingine.

#4 Nesi wa Zamu
Bingwa, hapana. Pombe ni sababu mojawapo, lakini wengi wenye mafuta kwenye ini duniani hawanywi au wanakunywa kidogo. Makadirio ya dunia ya mwaka 2016 yaliweka robo ya watu wazima, na ya karibuni zaidi yanasogea kwenye theluthi.

Linahesabiwa kuwa ini lenye mafuta pale seli zinazozidi asilimia 5 zinapokuwa zimebeba mafuta. Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini vilibadilisha jinsi ya kuutambua ugonjwa huu. Zamani ulikuwa unaondolewa kwanza uwezekano wa pombe, kinachobaki kinaitwa ugonjwa wa wasiokunywa. Sasa mgonjwa anatakiwa awe na walau kimoja kati ya vitu vitano: uzito au kiuno kilichozidi, sukari iliyoanza kupanda, presha kuanzia 130/85, trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) kuanzia 1.70 mmol/L, au kolesteroli nzuri ya HDL iliyo chini. Kwa hiyo Mwanamaji usirudie altrasaundi. Pima hivyo vitano kwanza.

#5 Bingwa wa Kona
Sawa nesi, umesema kiuno na uzito. Basi ni kitambi. Kijana asiye na kitambi alale usingizi wake.

#6 Mwembamba
Nimesajili akaunti kwa ajili ya kumjibu Bingwa. BMI yangu, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni 22, ya kawaida kabisa. Nguo nilizovaa nikimaliza sekondari bado zinanitosha. Na nina mafuta kwenye ini, daraja la pili.

Iligundulika nilipopima afya ya kuanza kazi. ALT, kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu, ilikuwa juu, wakadhani ni homa ya ini B, wakapima, hakuna. Wakapima C, hakuna. Wakaniuliza kuhusu pombe mpaka nikaona sasa naitwa mwongo. Mwishowe daktari mmoja akaniuliza kuhusu familia: baba ana kisukari, shangazi alifariki kwa ini na hakuwahi kugusa kilevi. Alinieleza kuna jeni inaitwa PNPLA3. Mabadiliko madogo kwenye jeni hiyo yanafanya ini lishindwe kuyaachia mafuta vizuri, na uhusiano wake na ugonjwa huu ulionekana mwaka 2008. Hakunipima jeni, lakini kwa historia yetu alisema haitamshangaza.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta mada: hatujui kwa sababu wote tunamtazama mgonjwa kwa macho. Mwembamba anaonekana mzima, anaachwa.

#7 Nesi wa Zamu
Mwembamba karibu, na asante kwa kueleza. Kati ya wenye ugonjwa huu, karibu mmoja kati ya watano hana uzito uliozidi. Wengi wao ukiwapima kiuno au trigliseridi utakuta kitu, hata kama mizani haisemi.

#8 Mzee wa Hesabu
Mnazunguka tu. Chanzo ni sukari, hasa ile ya kunywa.

Glukosi ikiingia mwilini inagawanywa kila mahali: misuli, ubongo, ini. Fruktosi, ambayo ni nusu ya sukari ya mezani, sehemu yake kubwa inaishia kwenye ini. Ini likipokea nyingi kwa mkupuo, linaigeuza kuwa mafuta. Soda na juisi zilizoongezwa sukari zinashuka haraka, hazitafunwi, hazishibishi, na mtu anaongeza nyingine. Kijana anaweza kushinda na chupa mbili tatu kwa siku na akaapa kwamba hajala kitu. Angalia vijana wanavyokunywa vinywaji vya kuongeza nguvu usiku wakisoma au wakicheza michezo ya kompyuta. Kisha tunashangaa ini la mtu wa miaka 25 lina mafuta!

Hii ndiyo sababu hatuambiwi: mafuta tunayaogopa kwa sababu tunayaona yanaelea kwenye sahani. Sukari haionekani.

#9 Tikiti
Mzee, na matunda? Si yana hiyo fruktosi? Niache embe?

#10 Mzee wa Hesabu
Usiache. Tunda zima lina nyuzinyuzi, linatafunwa, na fruktosi yake ni kidogo na inafika polepole. Likikamuliwa likawa glasi kubwa ya juisi, umekula matunda manne kwa dakika moja na nyuzinyuzi umezitupa.

#11 Nesi wa Zamu
Mzee wa Hesabu, kuhusu vinywaji vyenye sukari nakuunga mkono, vipunguzwe bila mjadala. Ila usiufanye kuwa chanzo pekee. Kuna utafiti wa mwaka 2005 uliofuatilia mafuta ya kwenye ini la wagonjwa yametoka wapi. Karibu asilimia 60 yalitoka kwenye akiba ya mafuta ya mwili wenyewe, karibu robo yalitengenezwa na ini kutokana na sukari na wanga, na asilimia 15 hivi yalitoka moja kwa moja kwenye chakula.

Hiyo asilimia 60 ndiyo kiini. Insulini kazi yake mojawapo ni kuzizuia seli za mafuta zisimwage akiba ovyo. Mwili ukianza kuwa sugu kwa insulini, akiba inamwagika kwenye damu usiku na mchana, na ini ndilo linaloipokea. Usugu huo unatokana na mengi: kukaa muda mrefu bila kutumia misuli, kula kupita mahitaji, usingizi mbovu, urithi. Sukari ni mlango mmojawapo.

#12 Mzee wa Hesabu
Mlango mmojawapo, lakini ndio ulio wazi saa 24. Nabaki hapo hapo.

#13 Mama Wawili
Wanangu, nimewasoma wote. Mimi ni mzazi. Mwanangu wa pili aligundulika akiwa chuo. Mnauliza kwa nini vijana hawajui. Mimi nasema ni kwa sababu haliumi. Ini kwa ndani halina mishipa ya kuhisi maumivu, ni ule utando wa nje tu unaohisi likitanuka. Mwanangu alikuwa na uchovu na uzito fulani chini ya mbavu za kulia, basi. Uchovu kwa mwanachuo nani anaushangaa? Nilimwambia alale mapema. Miezi ikapita.

Mtu akisubiri macho ya njano au tumbo kujaa maji ndipo aende hospitali, hapo ini limeshafika mbali. Kijana atajuaje kitu ambacho mwili wake haujamwambia?

#14 Mwanamaji
Mama Wawili, shikamoo, na asante. Kijana anaendeleaje sasa?

#15 Mama Wawili
Marahaba mwanangu. Anaendelea vizuri, vimeng'enya vimeshuka. Anatembea sana siku hizi.

#16 Kabati la Vitabu
Nakubaliana na Mama, lakini niongeze kwamba hata vipimo vyenyewe vinamnyima kijana taarifa. Watu wengi wenye mafuta kwenye ini wana ALT na AST, vile vimeng'enya vya ini, za kawaida kabisa. Na altrasaundi ya kawaida haioni vizuri mafuta yakiwa chini ya asilimia 20 au 30 hivi. Kwa hiyo unaweza kuambiwa "ini safi" na lisiwe safi.

Jambo la pili, kwa mleta mada. "Daraja la kwanza" kwenye altrasaundi linazungumzia wingi wa mafuta. Halizungumzii makovu. Makovu ndiyo yanayoamua maisha ya mgonjwa huko mbele, na yana ngazi zake, F0 mpaka F4, ambapo F4 ndiyo sirosisi, ini limejaa makovu na kusinyaa. Mtu anaweza kuwa na mafuta mengi bila kovu lolote, na mwingine mwenye sirosisi mafuta yameshapungua, altrasaundi ikasoma kidogo.

#17 Mwanamaji
Hili sikuambiwa. Sasa makovu yanapimwaje bila kutobolewa ini?

#18 Mzee wa Hesabu
Hapa ndipo pangu. Kuna hesabu inaitwa FIB-4, inatumia vitu vinne: umri, AST, ALT na chembe sahani za damu. Unazidisha umri kwa AST. Unagawanya kwa chembe sahani zilizozidishwa na kipeo cha pili cha ALT, yaani mzizi wake. Ikitoka chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Ikizidi 2.67, uende kwa mtaalamu.

Mfano: AST 60, ALT 90, chembe sahani 220. Kijana wa miaka 24 anapata karibu 0.69.

#19 Kabati la Vitabu
Mzee, sahihisho: mzizi wa pili wa ALT, siyo kipeo chake. Hesabu uliyotoa iko sawa lakini maelezo yatampoteza mtu.

Na mfano wako umefichua tatizo kubwa kuliko ulivyokusudia. Chukua majibu hayo hayo, mpe mtu wa miaka 60. Inatoka karibu 1.72, imevuka mstari, anapelekwa kupimwa zaidi. Kijana mwenye damu ile ile, vimeng'enya viko juu waziwazi, hesabu inamwambia salama kwa sababu tu ya umri wake. Ndiyo maana wataalamu wanaonya kwamba FIB-4 si ya kuaminika kwa walio chini ya miaka 35. Kifaa cha kwanza kinachopatikana kirahisi kila mahali ndicho kinachomkosa kijana. Mwanamaji, kama unatafuta jibu la swali lako la #1, mimi naanzia hapa kabla ya kumlaumu mtu yeyote kwa kutokujua.

#20 Tikiti
Mzee wa Hesabu leo amesahihishiwa hesabu! Nimefurahi kuishi mpaka siku hii.

#21 Mzee wa Hesabu
Tikiti, embe zako zimekushinda kuhesabu, tulia. Kabati asante, mzizi, ndiyo.

#22 Nesi wa Zamu
Kwa kijana mwenye wasiwasi kuna kipimo cha kuangalia ugumu wa ini, wengi wanakijua kama FibroScan. Ni kama altrasaundi, hakichomi wala hakitoboi. Kinatuma mtikisiko mdogo kwenye ini na kupima unavyosafiri: ini lenye makovu ni gumu, mtikisiko unapita haraka. Mara nyingi mashine hiyo hiyo inakadiria na mafuta. Nenda ukiwa hujala kwa walau saa tatu, maana chakula kinapandisha ugumu.

Kukata kipande cha ini bado kupo, lakini kwa kesi ngumu tu.

#23 Majani Mabichi
Mnajisumbua. Kuna dawa za asili za kusafisha ini, wiki mbili mafuta yote yanatoka chooni. Anayehitaji aniandikie pembeni.

#24 Nesi wa Zamu
Majani Mabichi, tafadhali usifanye hivyo hapa. Mafuta ya kwenye ini hayatoki chooni. Yako ndani ya seli, yanaondoka pale mwili unapoyachoma. Na dawa za mitishamba na virutubisho vya vidonge ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za ini kuumia ghafla. Hata vitu vinavyoonekana havina madhara, kama vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa au vya manjano kwa dozi kubwa, vimewalaza watu hospitali. Anayevitumia amwambie daktari wake, asifiche.

#25 Mwembamba
Naongezea #24. Nilipogundulika, nusu ya ndugu zangu waliniletea chupa. Nilizikataa zote na kuna waliokasirika. Nasema kwa heshima ya kila mtu: ini ndilo linalochakata hizo dawa. Likiwa limeshachoka, unaliongezea kazi bila kujua unachompa.

#26 Kahawa Chungu
Jina langu linanilazimisha kuingia. Kahawa! Wanywaji wa kahawa wameonekana kwenye tafiti nyingi kuwa na makovu machache ya ini. Kweli au uongo?

#27 Kabati la Vitabu
Uhusiano huo umeonekana tena na tena, ndiyo. Lakini ni tafiti za kufuatilia watu, haziwezi kuthibitisha kwamba kahawa yenyewe ndiyo inayokinga. Kama unaipenda na haikunyimi usingizi, endelea. Ukiweka vijiko vinne vya sukari, umemrudisha Mzee wa #8.

#28 Bingwa wa Kona
Turudi kwenye pombe maana mmenitoa uwanjani mapema. Mimi nakunywa mwisho wa wiki tu. Je, nimo au simo?

#29 Nesi wa Zamu
Bingwa, swali zuri. Mipaka inayotumika: mwanamke chini ya gramu 20 za pombe kwa siku, mwanaume chini ya gramu 30, yaani gramu 140 na 210 kwa wiki. Hapo mafuta yakionekana, yanahesabiwa kuwa yametokana zaidi na sukari, uzito na mengine. Juu ya hapo kuna kundi la katikati lililotambuliwa mwaka 2023, watu wenye vyote viwili, pombe na matatizo ya sukari au uzito.

Bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina karibu gramu 20. Nane Jumamosi na nne Jumapili ni gramu 240. Kwa mwanaume tayari umevuka mpaka wa wiki, na hujagusa pombe Jumatatu mpaka Ijumaa. Na kunywa nyingi kwa mkupuo kuna madhara yake hata jumla ya wiki ikiwa ndogo. Mipaka hiyo pia ni ya kupanga magonjwa, haimaanishi chini yake ni salama. Mwenye mafuta tayari, kila ukipunguza ni faida.

#30 Bingwa wa Kona
Nimeelewa. Nitapima.

#31 Zuhura M
Jamani hamjawataja wanawake. Mimi nina tatizo la homoni, lile la ovari kuwa na vifuko vingi, hedhi haieleweki, nywele kidevuni. Nimetibiwa kwa miaka, nimepewa vidonge vya kurekebisha hedhi, nimeulizwa lini nataka mtoto. Hakuna hata siku moja niliyoambiwa kwamba hali hii inaambatana na usugu wa insulini na kwamba hatari ya mafuta kwenye ini iko juu kwa wanawake wa aina yangu. Nilisoma mwenyewe, nikaomba kipimo, nikakutwa nayo.

Kwa hiyo mimi sikubali kwamba vijana "hatujui kwa sababu haliumi". Nilikuwa mbele ya wahudumu wa afya mara kwa mara. Waliangalia ovari peke yake.

#32 Mama Wawili
Zuhura mwanangu, pole sana. Nimekuelewa.

#33 Nesi wa Zamu
Zuhura, una haki ya kulalamika. Naongeza upande wa pili bila kujitetea: kwa miaka mingi hapakuwa na dawa iliyoidhinishwa kwa ugonjwa huu, na wahudumu wengi hawakuona faida ya kumtia mtu hofu kwa kitu ambacho wangemjibu "punguza uzito". Kosa liko hapo, maana kupunguza uzito ndiyo tiba yenyewe. Mtu aliyeambiwa vizuri, kwa namba, anaweza kufanya kitu.

#34 Kabati la Vitabu
Namba ni hizi basi. Kupunguza asilimia 3 mpaka 5 ya uzito kunapunguza mafuta kwenye ini. Asilimia 7 mpaka 10, uvimbe wa ndani ya ini unaoletwa na mafuta hayo unatulia kwa wengi. Asilimia 10 na zaidi, hata makovu yanaweza kurudi nyuma. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6.3. Siyo lazima awe mwembamba wa kwenye picha.

Mazoezi yanapunguza mafuta ya ini hata mizani isiposogea. Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi ni mwanzo mzuri. Hata mwembamba asiye na kilo za kupunguza ana cha kufanya.

#35 Chui wa Jioni
Mimi niliamua kufunga kula karibu kabisa, kilo zikaporomoka. Nilipopima, vimeng'enya vimepanda zaidi ya mwanzo. Daktari alinigombeza.

#36 Nesi wa Zamu
Chui, alikuwa sahihi. Uzito ukishuka kwa kasi sana, mafuta ya mwilini yanafumuka yote kwa pamoja na kumiminikia kwenye ini, uvimbe unaweza kuzidi. Mawe ya nyongo pia yanakuja kwa njia hiyo. Nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki inatosha.

#37 Tikiti
Nimesikia kuna dawa mpya. Kweli?

#38 Kabati la Vitabu
Kweli. Machi 2024 Marekani iliidhinisha resmetirom, dawa ya kwanza kabisa kwa ajili ya ugonjwa huu ukiwa umeshaleta uvimbe na makovu. Agosti 2025 ikafuata semaglutide, ambayo tayari ilikuwa inatumika kwa kisukari na uzito. Zote mbili ni kwa wenye makovu ya F2 na F3, pamoja na lishe na mazoezi. Mtu wa daraja la kwanza asiye na makovu hizi hazimhusu kwa sasa.

#39 Chui wa Jioni
Nina swali linaloninyima usingizi. Nilisoma kwamba saratani ya ini inaweza kuja hata bila sirosisi. Nina miaka 26. Nijiandae na nini?

#40 Nesi wa Zamu
Chui, pumua. Ni kweli inawezekana kwa ugonjwa huu, lakini kwa mtu mmoja mmoja asiye na makovu uwezekano ni mdogo sana. Wengi wenye mafuta peke yake hawafiki kwenye sirosisi. Ugonjwa unakwenda polepole: uchambuzi wa mwaka 2015 ulikadiria kupanda ngazi moja ya kovu kunachukua wastani wa miaka 14 kwa mwenye mafuta tu, na miaka 7 kwa mwenye uvimbe.

Kitu kinachowaua zaidi watu wenye ini lenye mafuta ni moyo na mishipa ya damu, kabla hata ini halijachoka. Kwa hiyo presha, sukari na kolesteroli zako zina uzito sawa na karatasi ya ini.

#41 Mwembamba
Hiyo miaka 14 wengine wataisoma kama likizo. Mimi naihesabu hivi: aliyeanza akiwa na miaka 20, akiwa na uvimbe, akapanda ngazi moja ya kovu kila miaka 7, anafika 48 na sirosisi. Watoto wake bado wako shule. Anayegundulika akiwa na 60 ana muda mfupi wa kuugua. Sisi tuna muda mrefu.

#42 Kabati la Vitabu
Ni wastani, Mwembamba. Wengine hawasogei kabisa, na wachache wanakimbia haraka kuliko hapo. Lakini hoja ya muda mrefu naipokea yote. Inapaswa kusemwa kwa sauti kwenye kila mafunzo ya afya ya vijana.

#43 Zuhura M
Basi vijana wote wapimwe, tumalize ubishi.

#44 Nesi wa Zamu
Miongozo haisemi hivyo. Inasema wapimwe wenye kisukari cha aina ya pili, wenye unene pamoja na walau tatizo jingine kama presha au kolesteroli, na wenye vimeng'enya vilivyobaki juu. Kupima kila mtu kutaleta watu wengi wenye hofu na karatasi, bila mahali pa kuwapeleka.

#45 Mwembamba
Kwa orodha hiyo, bila ALT ile nisingepimwa mimi. Ni ALT ya kuanzia kazi ndiyo iliyonikamata.

#46 Zuhura M
Wala mimi.

#47 Mzee wa Hesabu
Na wanywaji wa soda wasio na kitambi bado, nao hawamo.

#48 Mwanamaji
Wakuu, asanteni wote. Wiki ijayo narudi hospitali. Niombe nini hasa, kwa mpangilio?

#49 Nesi wa Zamu
Kiuno kipimwe kwa tepu; kwa mwanaume mpaka unaotumika sana ni sentimita 94, kwa mwanamke 80, ingawa jamii nyingine zina mipaka yao. Presha. Sukari ya kufunga au HbA1c (wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu). Trigliseridi na HDL. ALT, AST na chembe sahani. Homa ya ini B na C, usiruke hizi kwa sababu tu altrasaundi imetaja mafuta. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na kama B huna na hujachanjwa, omba chanjo. Taja dawa zote unazotumia, maana zipo zinazoleta mafuta kwenye ini, kama steroidi za muda mrefu na baadhi ya dawa za kifafa, ila usiache dawa yoyote mwenyewe. Kwa umri wako, vimeng'enya vikibaki juu bila maelezo, muulize daktari kuhusu ugonjwa wa Wilson, ule wa madini ya shaba kujaa kwenye ini. Ni nadra lakini unajitokeza ujanani na una tiba. Kisha ndiyo FibroScan, kama ipo.

#50 Mama Wawili
Na usiondoke bila nakala ya majibu mkononi, mwanangu. Uandike tarehe, uzito na kiuno cha siku hiyo. Mwakani daktari atakuwa mwingine, na hizo karatasi ndizo atakazolinganisha nazo.

#51 Chui wa Jioni
Nesi, swali dogo: kiuno kinapimwa kitovuni au juu yake?

#52 Nesi wa Zamu
Katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi, bila kuvuta tumbo ndani.